Habari na Istilahi katika Gazeti la Lat Pau la Singapore, 1881–1932

Utangulizi

Mara nyingi hudhaniwa kwamba istilahi huzaliwa katika vikao vya mabaraza na kamati. Kwa kweli maneno mengi mapya huzaliwa usiku, katika chumba cha gazeti, mbele ya mtu mmoja aliyekabidhiwa habari iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, na ambaye sharti aifikishe kwa mpiga chapa kabla ya alfajiri. Mtu huyo hana nafasi ya kuitisha kikao. Neno atakalolichagua ndilo litakalosomwa kesho. Na likisha kusomwa mara kumi huwa limekwisha pata makazi katika lugha, liwe zuri au liwe baya.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa mbali, yaani gazeti la Kichina lililoitwa Lat Pau, ambalo lilichapishwa Singapore tangu mwaka 1881 hadi 1932. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu tatu. Kwanza, gazeti hilo liliandikwa kwa ajili ya watu walioishi mbali na kwao, na ambao kila siku walikutana na sheria, vyombo na desturi ambazo lugha yao haikuwa na majina yake. Pili, Singapore ilikuwa njia panda ya Kichina, Kimalei na Kiingereza, na Kimalei kina maneno mengi ambayo msomaji wa Kiswahili atayatambua mara moja, kwa kuwa yalisafiri kwa bahari ile ile ya Hindi iliyotuletea yetu. Tatu, katika historia ya gazeti hilo na wenzake tunaona waziwazi kwamba kuchagua jina si kazi ya kupamba maneno. Jina laweza kumfanya mtu awe raia au mkimbizi, mkombozi au mhalifu.

1. Gazeti na wasomaji wake

Lat Pau halikuwa chapisho la kwanza la Kichina nje ya China. Mwaka 1815 mmisionari William Milne alianzisha jarida la kila mwezi la Kichina huko Malacca, na mwaka 1854 gazeti la Golden Hills' News lilitolewa San Francisco kwa ajili ya Wachina waliokwenda California kutafuta dhahabu. Lakini la Malacca lilikuwa chombo cha dini, na la San Francisco halikudumu. Lat Pau lilidumu zaidi ya miaka hamsini, nalo huhesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kichina la kila siku katika Asia ya Kusini-Mashariki.

Mwanzilishi wake alikuwa See Ewe Lay, mtu wa jamii ya Wachina waliokuwa wamekaa katika nchi za Kimalei kwa vizazi kadhaa. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 10 Desemba 1881. Uhariri ulikabidhiwa Yeh Chi Yun, aliyekuwa amefanya kazi ya gazeti huko Hong Kong, naye akaushika kwa muda wa miaka arobaini hivi, mpaka alipofariki mwaka 1921. Ni nadra sana katika historia ya magazeti kwa mtu mmoja kuiongoza kalamu ya gazeti moja kwa muda mrefu kiasi hicho. Nakala zilizohifadhiwa maktabani zaanzia mwaka 1887, kwa hiyo miaka ile ya mwanzo kabisa hatuwezi kuisoma, ila kuanzia hapo tunayo kumbukumbu ndefu.

Nakala zilizouzwa katika miaka ya mwanzo zilikuwa za kuhesabiwa kwa mamia, wala si kwa maelfu. Hili lisitushangaze. Wachina walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa Singapore, lakini wengi wao walikuwa wafanyakazi wasiojua kusoma. Tena hawakuwa na lugha moja ya kusema. Kulikuwa na wasemao Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni, Kihakka na Kihainani, na mara nyingi mmoja hakumwelewa mwenziwe asemapo. Kilichowaunganisha ni maandishi. Gazeti liliandikwa kwa Kichina cha kale cha kitabuni, ambacho hakikuwa lugha ya kusemwa ya mtu yeyote, na kila msomaji alizitamka alama zake kwa lafudhi ya kwao. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilianzishwa hata nyumba maalum za kusomea magazeti. Kwa hiyo nakala moja haikuwa na msomaji mmoja.

Jina lenyewe la gazeti ni somo la istilahi. Neno "pau" ni taarifa au gazeti. Neno "lat" si la Kichina. Limetokana na neno la Kimalei "selat", maana yake mlango wa bahari, kwa kuwa Singapore imekaa kwenye mlango wa bahari unaopita kati ya bahari ya Hindi na bahari ya China. Wachina walilitwaa neno la wenyeji, wakalikata, wakaliandika kwa alama ya Kichina, likawa jina la kisiwa na baadaye jina la gazeti. Gazeti la kwanza la Kichina la kila siku katika nchi zile lilibeba neno la Kimalei kwenye paji la uso wake.

2. Njia iliyopitwa na habari

Kurasa za Lat Pau zilikuwa na habari za aina nne. Ya kwanza ni habari za dola ya China: amri za mfalme, watu waliopandishwa vyeo na walioshushwa, na mambo ya majimbo ya kusini walikotoka wasomaji wengi. Hizi zilinukuliwa kutoka katika gazeti rasmi la mji mkuu na magazeti ya Hong Kong na Shanghai. Ya pili ni habari za dunia, ambazo kwa kawaida zilitafsiriwa kutoka katika magazeti ya Kiingereza ya Singapore. Ya tatu ni habari za mji wenyewe: mashauri ya mahakamani, wizi, moto, ugomvi wa mitaani na matangazo ya serikali. Ya nne, ambayo pengine ndiyo iliyolipatia gazeti riziki, ni habari za biashara: meli zilizoingia na zitakazoondoka, bei ya pilipili manga, bati na gambiri, pamoja na matangazo ya wafanyabiashara.

Tuifuate habari moja ya dunia tuone ilivyosafiri. Tangu mwaka 1871 Singapore ilikuwa imeunganishwa na Ulaya na Hong Kong kwa waya uliopita chini ya bahari. Habari iliyotoka London ilifika kwa maneno machache ya Kiingereza, maana kila neno lililipiwa. Mhariri wa gazeti la Kiingereza aliyapanua maneno yale yakawa habari kamili. Mfasiri wa gazeti la Kichina akaigeuza habari hiyo kuwa Kichina cha kitabuni. Kisha msomaji akaisoma kwa sauti na kuwafafanulia wenzake kwa Kihokkien au Kikantoni. Hizo ni hatua nne, na katika kila hatua palikuwa na mtu aliyechagua maneno. Endapo mmoja wao aliteleza, aliyemfuata alijenga juu ya kosa.

Simu za Kichina zenyewe zilikuwa na tatizo la peke yake. Maandishi ya Kichina hayana alfabeti, na mashine ya simu haikuweza kupeleka alama maelfu kwa maelfu. Katika miaka ya 1870 ilipatikana dawa yake: kila alama ilipewa namba ya tarakimu nne, namba zikapelekwa kwa waya, na mpokeaji akafungua kitabu kuzigeuza kuwa maandishi. Kwa hiyo hata Mchina aliyempelekea simu Mchina mwenziwe alihitaji mtu wa kufasiri katikati. Tarakimu moja ikikosewa, huja neno jingine kabisa.

Juu ya hayo yote palikuwa na suala la tarehe. Gazeti liliandika mwaka wa utawala wa Mfalme Guangxu pamoja na mwezi mwandamo, na papo hapo tarehe ya Kizungu, kwa sababu mahakama, benki na meli za Singapore zilifuata kalenda ya Kizungu. Juma la siku saba halikuwamo katika kalenda ya Kichina. Wachina walilipa jina la "libai", yaani ibada, kwa kuwa waliona Wakristo wanakwenda kanisani kila baada ya siku saba. Kisha wakahesabu kutoka siku ile ya ibada. Jumatatu ikawa "libai yi", ibada ya kwanza, na Jumanne "libai er", ibada ya pili. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, maana nasi tumefanya vivyo hivyo: Jumamosi ni mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, tukahesabu hivyo mpaka Jumatano, tusijali kwamba Alhamisi nayo kwa asili ni "ya tano". Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwa siku yake ya ibada, walifuata kanuni moja ya kutunga maneno.

3. Njia tatu za kukipa jina kitu kigeni

Tukiyachunguza maneno mapya yaliyoenea katika magazeti ya Kichina ya zama hizo, twaona kwamba yalitungwa kwa njia tatu.

(a) Kutafsiri maana. Garimoshi liliitwa "huoche", yaani gari la moto. Meli ya mvuke iliitwa "huochuan", merikebu ya moto, au "lunchuan", merikebu ya magurudumu. Habari ya simu iliitwa "dianbao", taarifa ya umeme, na alama hiyo ya umeme maana yake ya asili ni radi. Benki iliitwa "yinhang", nyumba ya biashara ya fedha. Kimalei, jirani yake, kilifuata mkondo huo huo: garimoshi ni "kereta api", gari la moto; meli ya mvuke ni "kapal api", jahazi la moto; na habari ya simu ni "surat kawat", barua ya waya. Kiswahili kilisema gari la moshi na merikebu ya moshi; na neno letu simu limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Inafaa tuzingatie tofauti ndogo iliyopo hapa. Mchina na Mmalei waliutazama moto ndani ya mtambo, sisi tuliutazama moshi uliotoka juu. Kwa habari ya simu, Mchina aliitazama nguvu iendeshayo chombo, sisi na Mmalei tukautazama waya. Kila mmoja alisema kweli, ila alichagua upande wake wa kitu.

(b) Kukopa sauti. Hapa mfano mkubwa ni maneno ya Kimalei yaliyoingia katika Kichina cha Singapore. Soko liliitwa "pasha", kutoka neno la Kimalei "pasar", ambalo nalo limetoka kwa Waajemi. Kiongozi wa Wachina aliyewekwa na serikali aliitwa "kapitan", neno lililoletwa na Wareno. Mji wa Penang uliitwa Bincheng, mji wa popoo, kwa sababu "pinang" kwa Kimalei ni popoo, na Wachina walikuwa wamekwisha likopa neno hilo zamani sana kwa ajili ya tunda lenyewe.

(c) Kukopa sauti na maana kwa pamoja. Hii ndiyo njia iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyowapa Wachina fahari kubwa. Kwa kuwa kila alama ya Kichina ina maana yake, mfasiri hodari hutafuta alama ambazo zikitamkwa hutoa sauti ya neno la kigeni, na zikitazamwa hutoa maana inayokaribiana nalo. Mfano ulio bora ni neno kuli. Neno hili la mabandarini, lililotoka India, lilifika kwetu likatulia kwa sauti tu: kuli ni mpakuaji na mpakiaji wa shehena. Wachina waliliandika kwa alama mbili, ya kwanza yenye maana ya uchungu, ya pili yenye maana ya nguvu. Sauti ni ile ile, "kuli", lakini aonaye maandishi husoma "nguvu za uchungu". Hapana kamusi ingaliweza kuieleza kazi ya mtu yule kwa maneno machache kuliko hayo.

Hata majina ya watu yalifanyiwa hivyo. Afisa Mwingereza William Pickering, aliyewekwa mwaka 1877 kuongoza idara ya serikali iliyosimamia mambo ya Wachina, jina lake liliandikwa kwa alama ambazo ndani yake mnaonekana "qilin", mnyama wa baraka katika hadithi za Kichina. Kila lilipoandikwa jina lake, ilikuwa kama kwamba amesifiwa. Mfasiri anayedhani kwamba kuandika jina la mtu ni kazi ya karani tu, na aufikirie mfano huu.

Njia ya sauti ilikuwa na kasoro moja kubwa katika Kichina, nayo yafaa ielezwe kwa makini kwa sababu sisi hatuna kasoro hiyo. Alama iliyochaguliwa na Mhokkien kwa sababu ya sauti yake, haitoi sauti hiyo kinywani mwa mtu wa Beijing. Jina "Lat Pau" katika lafudhi ya Beijing husomwa "Le Bao", na neno la Kimalei lililokuwa ndani yake limetoweka. Neno lililokopwa kwa sauti lilifungwa katika lafudhi ya aliyelikopa, ilhali neno lililotafsiriwa kwa maana, kama "huoche", lilieleweka kila mahali hata kama lilitamkwa kwa namna tano. Ndiyo maana kwa kadiri miaka ilivyopita maneno ya maana yaliyashinda mengi ya sauti. Simu ya kuzungumzia, kwa mfano, kwanza iliitwa "delüfeng" kwa kuiga sauti ya neno la Kizungu. Baadaye neno hilo likafa, nafasi yake ikatwaliwa na "dianhua", maneno ya umeme, lililotungwa Japani.

4. Neno la mtaani na neno la kitabuni

Mhariri aliyelelewa katika elimu ya kale ya Kichina alikuwa na deni kwa pande mbili. Upande mmoja ni lugha safi ya vitabu. Upande wa pili ni wasomaji waliokuwa wakiishi katika mitaa ya Singapore, ambao vitu vya mitaa ile walikuwa wamekwisha viita kwa majina yao wenyewe.

Tuchukue baraza za maduka. Sheria za ujenzi za mji zilitaka kila nyumba ya duka iache mbele yake njia yenye paa, upana wake futi tano. Wamalei wakaiita njia hiyo "kaki lima", miguu mitano. Wahokkien wakaiita "gokhaki": "go" ni tano na "kha" ni mguu kwa Kihokkien, na silabi ya mwisho ni mabaki ya neno la Kimalei "kaki", ambalo nalo ni mguu. Hivyo neno moja limeutaja mguu mara mbili katika lugha mbili. Mtaalamu wa lugha safi angalilikataa, lakini hapakuwa na neno jingine ambalo kila mtu mjini angalilifahamu.

Tena njia ile haikuwa jambo dogo. Wenye maduka waliiona kuwa sehemu ya duka, wakapanga bidhaa humo. Wakuu wa mji waliiona kuwa njia ya watu wote. Mwezi Februari 1888 wakuu wa mji walipojaribu kuziondoa bidhaa, maduka yalifungwa, watu wakajaa barabarani, na magari ya abiria ya mjini yakapigwa mawe. Chanzo cha ugomvi kilikuwa maslahi, si msamiati. Walakini yatosha kutafakari kwamba kitu kile kile kwa lugha ya serikali kilikuwa "njia", na kwa lugha ya mwenye duka kilikuwa "mbele ya nyumba yangu". Mtu atangazaye amri huku akitumia neno lililomo kichwani mwake mwenyewe, asidhani kwamba amri hiyo imefika.

Mfano mwingine ni polisi. Kwa Kimalei askari polisi aliitwa "mata-mata", yaani macho-macho. Wahokkien wakasema "mata", na kituo cha polisi wakakiita nyumba ya "mata". Kichina cha kitabuni kilikuwa na maneno yake yenye heshima ya afisini. Mwandishi wa habari za mahakamani alikuwa kati ya maneno hayo mawili kila siku: la kitabuni lingalieleweka Shanghai, la mtaani lingalieleweka kwenye kona ya barabara iliyo nje ya mlango wa gazeti.

5. Jina hubeba hukumu

Tumefika sasa kwenye sehemu iliyo nzito zaidi. Katika mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858 kati ya Uingereza na China, kifungu cha 51 kilikataza neno "yi" lisitumiwe katika maandishi rasmi ya Kichina kuwataja Waingereza. Neno hilo Waingereza walilifasiri kuwa mshenzi. Wachina walidai kwamba ni mgeni tu. Basi neno moja, lenye silabi moja, liliwekewa kifungu katika mkataba wa mataifa. Watumishi wa serikali wanaoona kazi ya istilahi kuwa ya wenye nafasi, wakikumbuke kifungu hicho. Magazeti ya Kichina yaliyoishi chini ya bendera ya Uingereza yalizoea kusema "xiren", watu wa Magharibi, neno lisilomuudhi mtu.

Na wasomaji wenyewe waliitwaje? Gazeti lilipoanza mwaka 1881, sheria ya zamani ya China iliyowakataza raia kuhama ilikuwa bado haijafutwa. Kwa sheria hiyo, yule mfanyabiashara aliyelisoma gazeti baada ya chakula cha asubuhi alikuwa mkosaji aliyeikimbia nchi yake. Ilhali tangu mwaka 1877 serikali hiyo hiyo ilikuwa na balozi mdogo Singapore aliyewataka wawe watiifu na kuchangia fedha. Marufuku yale yalifutwa mwaka 1893. Katika zama hizo likaenea neno "huaqiao", maana yake Mchina akaaye ugenini kwa muda. Neno hili lilimwondoa mhamaji katika uhalifu, likampa heshima. Lakini lilimpa na mzigo: lilisema kwamba kwao ni China tu, na kwamba alipo sasa anapita. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1909 ilikwenda mkondo huo huo, ikamfanya kila mtoto wa baba Mchina kuwa raia wa China, popote azaliwapo.

Miaka ilipopita, na nchi zile zilipojipatia uhuru wao, neno lililokuwa heshima likageuka kuwa shaka. Mtu aliyezaliwa Singapore, na baba yake akazaliwa huko, akiitwa mpita njia, jirani yake ana haki ya kumwuliza atarudi kwao lini. Ndiyo sababu wenyewe walikuja kulichagua neno "huaren", mtu wa asili ya Kichina, ambalo linataja asili bila kutaja uraia. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni silabi moja; lakini silabi hiyo ndiyo tofauti kati ya mgeni na mwananchi.

Vivyo hivyo katika siasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalitokea Singapore magazeti ya kuwaunga mkono wale waliotaka kuuondoa utawala wa kifalme wa China, kama vile Thoe Lam Jit Poh la mwaka 1904 na Chong Shing Yit Pao la mwaka 1907. Haya yalitumia neno "geming", neno la kale lenye maana ya kubadili agizo la mbingu, ambalo sasa lilipewa maana mpya ya mapinduzi. Waliokuwa upande wa mfalme waliwaita watu wale wale "luandang", kundi la fujo. Lat Pau, lenye mhariri wa elimu ya kale, kwa muda mrefu lilielekea upande wa utawala uliokuwapo. Mwaka 1911 mapinduzi yakatokea, na mwezi Februari 1912 mfalme akajiuzulu. Hapo "kundi la fujo" likawa serikali. Mfasiri wa habari aliyezoea neno moja kwa miaka kumi alilazimika kulibadili kwa juma moja. Kama angalitumia tangu awali neno linaloeleza bila kuhukumu, asingalikuwa na deni la kulipa.

6. Mafunzo kwa kazi yetu

Magazeti ya Kiswahili nayo yana historia ndefu. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888, Kiongozi likaanza Tanga mwaka 1904, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Waandishi wake nao walikuwa na kazi ya kuvipa majina vitu ambavyo wasomaji wao walikuwa hawajaviona. Kutokana na mfano wa Lat Pau twapendekeza mambo manne.

(a) Njia ya sauti isidharauliwe kwetu kwa sababu tu Wachina waliikwepa. Wao waliikwepa kwa kuwa maandishi yao huipoteza sauti. Maandishi ya Kiswahili huihifadhi: benki ni benki Mombasa, Kigoma na Bukavu. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kila neno la kigeni sharti litafsiriwe, na atoe hoja nyingine.

(b) Njia ya maana itumike pale maana inapomsaidia asiyejua. Gari la moshi lilijieleza lenyewe kwa mtu aliyelisikia mara ya kwanza. Ila tukumbuke kwamba sifa tuitajayo yaweza kuondoka. Treni za umeme hazina moto wala moshi, nasi pamoja na Wachina na Wamalei bado twazitumia istilahi zetu za zamani. Hilo si kosa: neno likikomaa huacha kuwa maelezo, likawa jina.

(c) Neno la mtaani lipewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya kutungwa jingine. "Gokhaki" halikuwa safi, lakini lilikuwa hai. Kabla ya kamati kutunga neno, inafaa iulize: je, watu wanaokitumia kitu hiki hawajakipa jina?

(d) Majina ya watu, makundi na matendo ya siasa yachunguzwe kwa uangalifu kuliko majina ya mitambo. Anayekosea jina la mtambo humsumbua fundi. Anayekosea jina la watu huweza kuwatoa katika nchi yao bila wao kuondoka nyumbani.

Hitimisho

Lat Pau lilifungwa mwezi Machi 1932. Magazeti mapya yenye mitaji mikubwa, Nanyang Siang Pau la mwaka 1923 na Sin Chew Jit Poh la mwaka 1929, yalikuwa yamelipita, na msukosuko wa uchumi wa dunia ulikuwa umewabana wafanyabiashara waliolipa matangazo. Hata majina ya magazeti yaonyesha mabadiliko. Lile la kwanza lilikuwa na neno la Kimalei. Lile la mwaka 1929 lilitumia "Sin Chew", kisiwa cha nyota, jina la kitabuni la Singapore. Jamii ile ilikuwa imekwisha kujitungia kwa lugha yake jina la mahali ilipoishi.

Kazi iliyofanywa na wafasiri wale haikuitwa istilahi, wala hapakuwa na baraza la kuikagua. Walakini maneno mengi waliyoyaeneza yangali yakitumika, na mengine yamewagharimu watu machozi. Mwalimu afundishapo neno jipya, mtumishi wa serikali aandikapo tangazo, na mfasiri aketipo mbele ya habari ya usiku, wote wamo katika kazi hiyo hiyo. Baraza laweza kusaidia kwa kutoa orodha na kanuni; lakini wa kwanza kulitamka neno mbele ya watu ni wao, na watu hulishika neno la kwanza.